Kabla ya Juni 25 Kulikuwa na Juni 24

Kila mtu wa rika letu anajua Juni 25, 2024. Sina haja ya kuanza kueleza ile Jumanne Bunge liliingiliwa, kila simu Kenya nzima ikiwa live. Lakini uliza wasee kumi hapa Lodwar, ama hata Nairobi, Juni 24 ya mwaka huo huo ilikuwa nini. Watakuambia ilikuwa Jumatatu.

Ni kweli, ilikuwa Jumatatu. Pia ilikuwa siku ya mwisho ya yurobondi ya kwanza ya Kenya, ule mkopo wa dola serikali ilichukua Juni 2014 ikaahidi kurudisha baada ya miaka kumi. Deni likaisha Jumatatu, Jumanne nchi ikawaka.

Sisemi ni kama swichi na taa, eti moja ilibonyezwa nyingine ikawaka. Nasema ni stori moja, na tumekuwa tukisimuliwa nusu yake tu. Wiki mbili baadaye, Julai 8, kampuni ya Moody's ilishusha alama ya Kenya kutoka B3 mpaka Caa1, na sababu waliyoandika, ukiitoa suti, ni hii: baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, serikali haina uwezo ule wa kukusanya kodi zaidi kama ilivyoahidi. Wenye kuchambua kwa TV wakarukia hapo. Vijana wameharibu jina la nchi. Vijana ndio hatari.

Mimi nakataa, na nitakataa kwa historia, si kwa hasira. Hiyo historia naisoma nikiwa huku juu, kwa sababu ukisoma deni la Kenya kutoka Turkana unaona vitu ambavyo wa Upper Hill hawaoni.

Kwanza tuelewane kuhusu hizi alama. Wewe unajua CRB. Umekopa kwa app, umechelewa, jina lako limepelekwa, sasa kila anayetaka kukukopesha anaangalia kwanza. Moody's, S&P na Fitch ni kama CRB ya nchi, tofauti ni kwamba wao hawangoji ushindwe kulipa ndio waongee. Kazi yao ni kukisia. Wanaangalia mbele wanasema: huyu ana uwezekano gani wa kukwama? S&P ilipoipa Kenya alama yake ya kwanza mwaka 2006 ilikuwa B+. Kwa miaka mingi tulikaa maeneo hayo, tukaanza kuteremka polepole kutoka 2018, mpaka tukafika hiyo Caa1. Wakati huo Tanzania ilikuwa B1 kwa Moody's, na Uganda B3. Uchumi wetu ni mkubwa kuliko wa hao wote wawili. Kumbe basi ukubwa wa uchumi si jibu, na ukubwa wa deni peke yake pia si jibu. Japani ina deni linalozidi mara mbili ya mapato ya nchi nzima kwa mwaka na bado watu wanapanga foleni kuikopesha.

Kwa hivyo kinachofanya mkopeshaji aogope ni nini?

Hilo swali Kakuma inalijua bila digrii. Kambi ilianza 1992, wakati wale vijana wa Sudan walipofika kwa miguu. Zaidi ya miaka 30 baadaye ni mji. Utafiti wa IFC uliotoka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya karibu dola milioni 56 kwa mwaka, katika mahali ambapo wengine wanadhani ni mahema na foleni za unga. Kutoka 2015 shirika la WFP likaanza Bamba Chakula: badala ya gunia, pesa inaingia kwa simu na unanunua kwa duka lililosajiliwa. Ukitaka kuelewa hatari ya kukopesha taifa, elewa kwanza kilichofuata.

Pesa ya Bamba Chakula inakuja mara moja kwa mwezi. Njaa inakuja kila siku. Kwa hivyo unaenda dukani katikati ya mwezi, unaandikwa kwa kitabu. Mwenye duka anakupa kwa sababu gani? Hajali wewe ni tajiri ama maskini. Anajua mwezi ujao pesa itaingia, itaingia kwa kiasi hiki, na itaingia pale anapoweza kuiona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioenda Kalobeyei waliandika kwamba familia nyingi zilikuwa na deni kwa maduka ya chakula, na kwamba baadhi ya wenye maduka walikuwa wanabaki na kadi ya mteja pamoja na namba yake ya siri. Kadi iko kwa droo. Pesa ikiingia, mwenye duka anaiona kabla yako.

Sasa mwaka 2025 ufadhili ukapungua vibaya, hasa Marekani ilipofunga mfereji wake. Mgao ukakatwa. Kuanzia Agosti wakimbizi wakagawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, na kundi la mwisho likaambiwa halipati kitu. Jiweke kwa viatu vya mwenye duka siku hiyo. Mteja wako ni yule yule, mwaminifu vile vile, familia ile ile. Hajakosea kitu. Lakini wewe hujui tena mwezi ujao kitaingia nini, kwa hivyo unafunga kitabu. Na ukifunga kitabu wewe na jirani yako pia, mteja anakosa hata ile njia ya kuzungusha deni la jana kwa deni la leo. Anakwama wiki hiyo hiyo, si kwa sababu deni limekua, ila kwa sababu hakuna wa kumuongezea.

Hapo ndipo nchi nyingi hufia, pale ambapo hakuna tena wa kukuongezea. Zambia mwaka 2012 ilikopa dola milioni 750 kwa riba ya asilimia 5.625, na watu wakashangaa kwamba Zambia inakopa kwa bei nafuu kuliko Uhispania. Miaka minane baadaye, Novemba 2020, ikashindwa kulipa. Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022. Ethiopia, jirani yetu hapo nyuma ya milima, Desemba 2023 ilikosa kulipa riba ya dola milioni 33. Milioni 33 kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 100! Hilo si suala la ukubwa wa deni, wazee.

Haya, turudi nyuma kabisa.

Mwaka 1921 Koloni ya Kenya ilikopa pauni milioni 5 kwenye soko la London, mambo ya reli na bandari. Koloni changa, walowezi wachache, kahawa haijakomaa, na bado wenye pesa London wakatoa bila wasiwasi mkubwa. Kwa nini? Moja, nyuma ya Kenya kulikuwa na Uingereza. Mbili, na hii ndiyo hawapendi kuiweka kwenye vitabu vya uchumi, serikali ya koloni ingeweza kuchukua kodi kwa mtu ambaye hana pa kukataa. Kodi ya kibanda, kodi ya kichwa. Huku kwetu kukataa kulijibiwa kwa bunduki: mwaka 1918 jeshi la kikoloni lilifanya msako mkubwa ulioitwa Labur Patrol, na mifugo ya Waturkana ikachukuliwa kwa maelfu. Sisemi mbuzi wa Turkana ndio waliolipa reli. Wilaya hii ilikuwa inaonekana kama hasara tu, imefungwa, hauingii bila kibali. Ilikuwa mbali kiasi kwamba walipotaka kumficha Kenyatta walimleta huku, Lokitaung kwanza halafu Lodwar mwaka 1959. Ninachosema ni kwamba mkopeshaji wa 1921 aliona serikali inayoweza kuchukua, akalala vizuri.

Weka hiyo akilini. Mkopo wa serikali haulipwi na serikali, unalipwa na uwezo wa serikali wa kuchukua kwa watu wake. Kwa hivyo mkopeshaji akiangalia nchi anajiuliza maswali mawili: wanaweza kuchukua kiasi gani, na watu watakubali mpaka wapi.

Baada ya uhuru serikali ikajiuliza swali lake: tukikopa, tuweke wapi? Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukajibu wazi kwamba pesa ziende pale zitakapozaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa mhasibu hiyo ni akili. Kwa Turkana ilikuwa hukumu ya miaka 40. Nchi ilikopa ikajenga, huku tukapata misaada. Wanorwe walijenga barabara ya Kitale hadi Lodwar, wakajenga na kile kiwanda cha samaki Kalokol, ambacho kiligandisha samaki siku chache tu kikawa sanamu, kwa sababu gharama ya baridi kwenye jua hili ilizidi bei ya samaki mwenyewe. Halafu Oktoba 1990 serikali ya Moi ikavunja uhusiano na Norwe kwa sababu ya siasa, Wanorwe wakafunga virago, na miradi ikabaki kwa jua. Mtu akikuambia msaada hauna hatari kama deni, mpeleke Kalokol.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Kenya nzima. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya, wakitaka mageuzi ya siasa na uchumi. Wengi wetu tunaijua hiyo kama stori ya vyama vingi. Ni stori ya deni pia. Kenya haikuwa imekopa kupita kiasi ukilinganisha na nchi nyingi za wakati huo, lakini ilikuwa imezoea pesa inayokuja kila mwaka kutoka nje, na siku moja ikasimama. Ni Kakuma kabisa, ila hapa mteja ni taifa.

Na serikali ikafanya nini? Ikachapisha. Pesa za uchaguzi wa 1992, na juu yake Goldenberg, ile kampuni iliyolipwa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo. (Dhahabu ya kweli inachekechwa na akina mama huku Turkana, kwa beseni, na hakuna aliyewahi kuwapa fidia.) Shilingi iliyokuwa wastani wa 27 kwa dola mwaka 1991 ikafika wastani wa 58 mwaka 1993. Mfumuko wa bei ukapiga karibu asilimia 46. Riba ya hati za Hazina za siku 91 ikapita asilimia 70. Soma tena hiyo namba. Serikali yako mwenyewe inakukopa shilingi yako mwenyewe kwa zaidi ya asilimia 70, kwa sababu hakuna anayeamini shilingi ya kesho. Januari 1994 Kenya ikaenda kwa Paris Club, lile kundi la nchi zinazodai, kuomba ratiba mpya ya malipo. Ikarudi tena mwaka 2000, na tena 2004.

Unajua ni nini hakikuwepo 1993? Hakukuwa na Gen Z. Hakukuwa na TikTok wala mswada uliokataliwa. Nchi iliharibika jina na wananchi wamekaa kimya, wengi kwa woga. Kilichoharibu ni watu wachache waliochukua pesa, na serikali iliyozichapisha nyingine.

Sasa tufike kwa mkopo wetu. Miaka ya Kibaki madeni yalitulia, barabara zikajengwa, na Machi 26, 2012 rais mwenyewe akatangaza: mafuta yamepatikana Turkana. Kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar. Kama ulikuwa Lodwar mwaka huo unakumbuka bei ya ploti ilivyopanda, na hoteli zilivyoota kama nyasi za mvua ya kwanza. Nairobi nao wakaota ndoto yao. Dunia ilikuwa na pesa nyingi za kutafuta pa kulala, kwa sababu riba Marekani ilikuwa karibu sufuri. Juni 2014, pipa la mafuta likiwa zaidi ya dola 100, Kenya ikaingia soko la dunia kwa mara ya kwanza ikachukua dola bilioni 2: milioni 500 za miaka mitano na bilioni 1.5 za miaka kumi kwa asilimia 6.875. Desemba ikarudi ikaongeza milioni 750. Watu walitaka kutoa hata zaidi ya tulichoomba, na serikali ikasherehekea. Mwaka huo huo mkopo wa reli ya SGR ukasainiwa na China, kama dola bilioni 3.2, nusu yake kwa riba ya kupanda na kushuka na soko.

Nataka ukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hatari ilizaliwa, na ilizaliwa siku ya sherehe.

Tulikopa dola, na sisi tunakusanya shilingi. Mama anayeuza samaki Lodwar analipa kodi kwa shilingi. Mwaka 2014 dola ilikuwa kama shilingi 87. Ile bondi ya miaka kumi, ikiwa na nyongeza yake ya Desemba, ilikuwa dola bilioni 2, yaani kama shilingi bilioni 174. Januari 2024 dola ikapita shilingi 160. Deni lile lile, bila kuongezwa hata senti moja, likawa shilingi bilioni 320. Hiyo tofauti hakuna aliyeikopa, hakuna aliyeila, hakuna barabara iliyojengwa nayo. Na mtu wa Lodwar hawezi kufanya chochote kuizuia, kwa sababu dola inapanda Benki Kuu ya Marekani ikiamua kupambana na bei zake huko, kama ilivyofanya 2022 na 2023, ilipopandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5.

Halafu, tulikopa kwa mafungu makubwa yanayoisha siku moja. Mkopo wa nyumba unalipa kidogo kidogo. Yurobondi ya aina ile unalipa riba tu kwa miaka kumi, halafu siku ya mwisho unadaiwa mzigo wote. Ukiwa na bahati, siku hiyo soko liko na raha, unakopa mpya unalipa ya zamani. Ukikosa bahati, siku hiyo wenye maduka wamefunga vitabu.

Na mafuta yetu? Bei ya pipa ilianza kuanguka miezi michache tu baada ya bondi kusainiwa, na Januari 2016 ilikuwa chini ya dola 30. Bomba la Lokichar hadi Lamu likabaki kwenye karatasi. Juni 2018 wakaanza kubeba kwa malori, barabara ile ya mashimo hadi Mombasa. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka, mapipa 200,000, ikauzwa kama dola milioni 12. Picha zikapigwa. Riba ya mwaka mmoja tu ya bondi ile ya bilioni 2, kwa asilimia 6.875, ni kama dola milioni 137. Piga hesabu mwenyewe hiyo shehena ingelipa wiki ngapi. Mwaka 2020 malori yakasimama. Total na Africa Oil wakajitoa 2023, na mwaka 2025 Tullow nao wakauza sehemu yao kwa Gulf Energy kwa dola milioni 120. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema asilimia 20 ya mapato ya serikali ni ya kaunti na 5 ni ya jamii. Asilimia 5 ya sufuri unaijua.

Sitaki kusema mikopo yote ni mibaya, maana hiyo ni akili ya kikundi cha WhatsApp. Barabara ninayopita kwenda Kakuma, kama kilomita 120, ambayo zamani ilikuwa inakula gari na mgongo wako, ni ya mkopo. Benki ya Dunia iliidhinisha pesa za kujenga njia ya Lokichar, Lodwar mpaka Nadapal mpakani mwaka 2015. Hizo ni pesa za masharti nafuu: riba ndogo, miaka mingi, unalipa polepole. Linganisha na yurobondi. Nchi ile ile, mwaka karibu ule ule, mkopo mmoja unakupa lami na muda wa kupumua, mwingine unakupa tarehe. Anayekuambia "Kenya inadaiwa trilioni 10" bila kukuambia zinadaiwa na nani, kwa pesa gani na lini, hajakuambia kitu.

Februari 2024, tarehe ile ikikaribia, Kenya iliingia sokoni tena. Ikakopa dola bilioni 1.5 ikitoa mapato ya asilimia 10.375 kwa aliyenunua, na nyingi ya pesa hizo zikaenda kununua sehemu kubwa ya ile bondi ya 2014 kabla iive. Yaani deni la 6.875 tukalifuta kwa deni la zaidi ya 10. Kusema ukweli, kwa siku ile ilikuwa hatua ya busara. Soko likashusha pumzi, na ndani ya wiki chache shilingi ikapanda kutoka 160 mpaka karibu 130. Kilichobaki, zaidi ya dola milioni 500, kikamalizwa Juni. Kenya haikushindwa kulipa, na wale waliokuwa wanatabiri tutakuwa Ghana walikosea.

Lakini pumzi ile ilikuwa na bei, na bei ikaandikwa kwenye Mswada wa Fedha: karibu shilingi bilioni 346 za kodi mpya. Mkate, mafuta ya kupikia, pedi, gari, kutuma pesa. Mkopeshaji alikuwa ameuliza swali lake la kwanza, mnaweza kuchukua kiasi gani, na serikali ikajibu kwa niaba yetu. Juni 25 tukajibu swali la pili, watu watakubali mpaka wapi. Watu walikufa kwa hilo jibu, kwa hivyo siongei hapa kama ni hesabu ya darasani.

Moody's hawakudanganya. Kwa kazi yao, nchi ambayo watu wanaweza kukataa kodi ni hatari kuliko ile ya 1921. Ndiyo maana siwezi kukubali tuitumie alama yao kama kipimo cha nani amekosa. Wao wanapima kama anayedai atalipwa. Hawapimi kama anayelipa ametendewa haki. Hivyo ni vitu viwili, na wachambuzi wetu wanavichanganya kila siku. Anayesema vijana walizalisha hatari Juni 2024 anamlaumu anayepiga nduru kwa moto uliowashwa 2014.

Na upande ule mwingine pia niuseme, kwa sababu kuna wasee wanaandika "wacha tukatae kulipa, watatufanya nini?" Watatufanya hivi. Zaidi kidogo ya nusu ya deni la Kenya ni la ndani. Wanaoidai serikali ni benki uliyoweka akiba yako, SACCO ya mwalimu, pesheni ya nesi wa Lodwar. Ghana ilipopanga upya madeni yake ya ndani, wazee wastaafu walienda kuketi nje ya Wizara ya Fedha mwaka 2023 wakidai bondi zao zisiguswe. Kukataa kulipa kuna mwathiriwa, na mara nyingi si yule bwana wa London.

Isitoshe, wa kwanza kuumia huwa tunajulikana. Katiba, kifungu cha 214, inaweka deni la umma moja kwa moja juu ya Mfuko Mkuu wa nchi. Linalipwa kwanza, halafu wengine tunaangaliana. Aprili 2023 mishahara ya serikali ilichelewa, na mshauri wa uchumi wa rais, David Ndii, akauliza mtandaoni kama watu wangechagua mishahara ama kushindwa kulipa madeni. Wengi walikasirika. Mimi niliona kwamba angalau mtu amesema kwa sauti. Mswada ulipoondolewa 2024, mgao wa kaunti zote ukashushwa kutoka shilingi bilioni 400 hadi 387. Turkana inapata moja ya migao mikubwa zaidi Kenya, na karibu kila kitu hapa mjini kinazunguka pesa hiyo: kontrakta, muuza mbao, mama wa hoteli, boda anayebeba karani. Hazina ikichelewesha, Lodwar nzima inaandikwa kwa kitabu cha duka. Unaweza kuishi hapa usijue Moody's ni nini na bado ukajua, kwa kimya cha soko, kwamba kuna bondi imelipwa mahali.

Tangu hapo namba zimetulia. S&P iliturudisha juu kidogo, B, Agosti 2025, na serikali imekuwa ikinunua bondi za zamani kwa bondi mpya ili tarehe zisogee mbele. Kinachonikosesha usingizi sasa ni kitu kingine, na hakijaongelewa vya kutosha. Makontrakta wa barabara walikuwa wanadai mabilioni yasiyolipwa. Mwaka 2025 serikali ikapata njia. Kila lita ya petroli unayonunua ina shilingi 25 za kutengeneza barabara. Wakachukua shilingi 7 kati ya hizo 25, wakaziuza kwa wawekezaji kwa miaka ijayo, wapate kama shilingi bilioni 175 leo. Kwenye vitabu wanasema si deni la serikali kama yale mengine, kwa sababu kinacholipa ni ile tozo yenyewe.

Kwa hivyo boda wa Lodwar akisimama petroli station, aweke lita moja kwa bei ambayo tayari imepita ya Nairobi kwa sababu ya umbali, shilingi 7 za hiyo lita zina mwenyewe kabla hajawasha pikipiki. Mwezi ujao pia, na mwaka ujao. Na kama yale mafuta ya Lokichar yatatoka kweli safari hii, mtu ambaye ameshajifunza kuuza tozo ya kesho atayaangalia kwa jicho gani? Kalobeyei wanajua jibu. Kadi iko kwa droo, na namba ya siri ameandikiwa.